Mama Barafu na Ndege Iliyorudi

Kazini walimwita Mama Barafu, na barafu yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Aliipimia kitini, kwa kompyuta, feni ikimpuliza shingoni.

Barafu ya ncha ya dunia ni nene, kilomita mbili, tatu. Huwezi kuitoboa kila mahali. Hurushwa ndege yenye rada. Mawimbi yanashuka, yanagonga mwamba, yanarudi, unene unajulikana. Lakini ni pale tu ndege ilipopita. Kwingine kote kompyuta inakisia, ikifuata barafu inavyotiririka na theluji inavyoanguka. Kukisia huko ndiko kulikuwa kazi yake.

Kabla ya kuliamini jibu, alificha vipimo vya ndege moja, kompyuta isivione, kisha akalinganisha. Mara hii vililingana, hata wenzake wakapiga makofi. Mkuu akamwambia, ramani hii ya unene ikipokelewa, kitengo utakiongoza wewe.

Asubuhi akaitazama tena. Roho ikakataa. Ilikuwa sawa mno.

Akafukua mpaka akaona. Ile ndege ilikwenda na kurudi kwa njia ileile. Vipimo vya kwenda alivificha. Vya kurudi alivisahau humo humo kwenye kompyuta. Kompyuta ilifanya mtihani majibu ikiwa nayo.

Akarudia hesabu. Njiani mwa ndege ile, penye bonde chini ya barafu, jibu likakosea nusu kilomita nzima.

"Jamani!" Akapiga meza.

Wa meza ya pili, waliyemwita Miwani, akageuka. "Dada, meza imekukosea nini?"

Akamweleza. Miwani akashusha sauti. "Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe nawe! Kuna aliyekwenda huko na rula?"

Simu ikalia. Baba yake. Tangu mkewe afariki alipiga kila mchana, bila habari yoyote.

"Umekula?"

"Bado, baba. Kazi imenikalia vibaya."

"Barafu?"

"Barafu."

"Si mtoboe tu?"

Marehemu mama ndiye aliyekuwa akimweleza mzee mambo haya, kwa njia yake, mpaka wakacheka. Yeye leo hakuwa na nguvu hizo.

"Tutaongea, baba."

"Haya, mwanangu."

Akaingia kwa mkuu kabla moyo haujarudi nyuma.

"Ramani inatakiwa leo," mkuu alisema.

"Pale bondeni tumekosea."

"Tumekosea?"

"Nimekosea. Tupaache peupe. Tuseme hatujui."

"Mwaka mzima, mama, halafu hatujui?"

Hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alijishika kichwa, akatazama dirishani.

"Itapelekwa na huo weupe wako. Kitengo nampa Miwani. Wewe rudia."

Alirudi mezani. Akaficha vya kwenda na vya kurudi, akaiwasha hesabu upya. Ingekula wiki. Machozi aliyakataza.

Miwani akamsogezea chai. "Mimi sikuomba, dada."

"Najua. Ila leo usinisemeshe."