Muhuri Uliokosa wa Kuuchukua

Juzi, kwenye ofisi ya biashara hapa Kasulu, niliwakuta wazee wawili wakiigawa kampuni yao mbele ya ofisa. Mmoja alibaki na duka, mwenzake akachukua mashine ya kusaga. Likabaki jina.

Mwenye duka aliusukuma kwa kidole muhuri wenye jina la kampuni. "Baki nalo wewe. Wateja wa kule kijijini Titye wanakujua."

Mwenzake akaurudisha. "Urakoze, asante sana Alhaji, lakini hapana. Ulinikaribisha nikiwa mgeni, sina ndugu mjini hapa. Jina ni lako."

Alhaji akausukuma tena. Ofisa akaufunika kwa kiganja. "Wenzenu huja hapa wakiligombea," akasema. "Nyinyi nitawaamua vipi?"

Mimi nilikuwa kwenye foleni, nimekwenda kumshtaki mbia wangu wa kibanda cha fotokopi. Nilitoka kimyakimya, nikaenda kumnunulia mbia wangu chai.