Mtumiaji Namba Saba na Mpunga Wake

Umma unatangaziwa, kwa heshima zote na bila kucheka, kwamba Bibi Anyesi wa Bahi, mjane na mkulima wa mpunga, ambaye jambo pekee la kitaifa alilowahi kushiriki ni sensa, sasa ni Mtumiaji Namba Saba katika utafiti wa tovuti ya hali ya hewa.

Hakuomba cheo. Asubuhi ile alikuwa ameanika uani mpunga wa magunia manne, kila gunia juu ya turubai lake, chakula cha nyumba nzima hadi mavuno yajayo, na ulikuwa umebakiza jua la siku moja tu ukauke. Ulikuwa mwezi wa tano. Mvua ilishaaga, ila mvua za Bahi zina tabia ya kusahau kitu na kurudi kukifuata.

Ndipo akaingia Fabian, mtafiti kutoka Dodoma mjini, kishikwambi kifuani kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu kigoda."

Akaeleza kwamba hapimwi mama, inapimwa tovuti. Wenye sindano nao husema haiumi.

"Tafuta kama leo mvua itanyesha hapa Bahi. Mimi siruhusiwi kukusaidia. Na kila unachowaza, mama, kiseme kwa sauti."

Anyesi akapokea kishikwambi, akabonyeza. Kiduara cha kusubiri ukurasa kikaanza kuzunguka.

"Nawaza mpunga wangu," akasema.

Fabian akaandika daftarini: *Mtumiaji anahitaji kitufe cha mpunga.*

Kiduara kikazunguka. Upepo ukageuka, ukaleta harufu ya udongo uliolowa.

"Nawaza huu upepo una maji."

*Iongezwe picha ya upepo.*

"Nawaza kunyanyuka."

"Vumilia kidogo mama, muda wa zoezi unahesabiwa."

"Uhesabiwe tu, baba."

Akamrudishia kishikwambi, akatoka. Fabian akaandika *Mtumiaji ameacha zoezi*, akabaki akilinda kiduara. Huko uani Anyesi alikunja maturubai pembe kwa pembe, akayaburuta moja moja hadi ndani ya banda, na pembe ya mwisho ilipopita mlangoni matone yakaanza kupiga bati. Hakuna punje iliyolowa.

Aliporudi akijifuta uso, ukurasa ulikuwa umefunguka hatimaye: Bahi, jua kali, mvua hakuna. Fabian aliutazama, akatazama mlangoni, ambako mvua ilikuwa inamwagika kweli kweli. Lakini fomu ni fomu.

"Swali la mwisho, mama. Kwa alama moja hadi tano, tovuti imekusaidia kiasi gani?"

Kwao Anyesi mgeni haambiwi neno baya.

"Tano," akasema. "Ingewahi kufunguka, ningeiamini."