Maneno ya Mdogo Wangu Niliyoyabadilisha

Mdogo wangu alisema ukweli, mimi nikauzuia usifike. Sijawahi kumwambia mtu. Leo nakuambia wewe.

Tulikuwa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, tumetoka Kivu ya Kusini, Kongo. Mdogo wangu alishikwa na uchovu usioeleweka. Akilima asubuhi moja, siku zinazofuata ni za kulala tu. Sisi wanawake tulilimiana mashamba kwa zamu, na asiyefika kwa wenzake, shamba lake linarukwa. Mmoja aliniuliza kama mdogo wangu amekuja Uganda kuwa malkia. Nilicheka nao. Mungu wangu, nilicheka!

Nikampeleka kwa musawo, ndivyo wanavyomwita mganga wa zahanati kule. Hakujua Kiswahili, mimi nilikuwa na Kinyankole cha soko la Kikagate, nikawa mkalimani. Alituambia anasoma kwa intaneti masomo ya waganga juu ya ugonjwa wa uchovu usioisha. Akauliza: akifanya kazi leo, kesho yake anakuwaje? Akilala, anapata nguvu?

Mdogo wangu akanigeukia mimi dada yake, aliyeniita Yaya. "Yaya, umwambie nikilima leo, kesho hata kikombe siwezi kuinua. Nalala, naamka nimechoka kupita jana."

Nikafikiria shamba. Musawo akisema apumzike, zamu yetu imekwisha. Nikamjibu: anasema akilala anaamka mzima.

Musawo aliandika jibu langu. Akasema basi si ugonjwa ule; afanye kazi, aongeze kidogo kila siku. Hayo niliyatafsiri yote, sikuacha hata neno.

Alitii. Alilima mpaka kutoka kitandani kukamshinda. Mvua zilipokuja, malaria ikamkuta katika hali hiyo, ikamchukua. Kama uchovu ulisaidia kumuua, sijui. Ninachojua ni aliyoniambia mwishoni: "Yaya, unisamehe. Nimekuachia kazi yote."

Aniombe msamaha mimi!

Baadaye nilikutana na musawo yule mjini Mbarara, mtaa wa Ruti. Alinisalimu kwa furaha. Masomo amemaliza, akasema, lakini mgonjwa wa namna ile bado hajamwona. Nikampa hongera, nikaenda zangu.

Hata sasa kuna alfajiri namsikia akipapasa ukutani, anatafuta jembe.

Wewe unayesimama kati ya mgonjwa na musawo, hata kama ni ndugu yako, hata kama unaona anajifanya, peleka neno lake lilivyo. Usilipime kwanza. Siku utakapotaka kulirekebisha, huenda mwenyewe hayupo.