Dama Alipopiga Simu Kinyozini

Jamani, nichekeni tu, nimeyataka mwenyewe. Mke wangu Dama yuko kwenye mafunzo ya uafisa jeshini, na simu wanapewa Jumapili tu, dakika tano. Mimi ni kinyozi hapa Kilifi, na mdomo wangu hauna breki.

Jumapili iliyopita nilikuwa namnyoa mkwe wangu, babake Dama, katoka Ganze. Vijana kwenye benchi wakanichokoza: "Karisa, mkeo akirudi atakupigisha gwaride mpaka chooni!"

"Ngojeni apige, msikie sauti ya afisa!" nikajigamba. Mzee akatabasamu.

Simu ikalia. Nikaweka sauti kubwa, wala sikumwambia Dama niko na nani.

"Mume wangu," akaanza, analia, "mbio zimenishinda. Nataka kurudi nyumbani. Nakwambia wewe peke yako. Baba asijue, ashanisifu Ganze nzima."

Nikahangaika kuizima, vidole vimejaa povu, simu inateleza. Mzee, nusu kichwa kimenyolewa, akaiinamia.

"Mama, nimesikia. Usilie."

Kisha Dama akauliza polepole: "Karisa, umeniweka mbele ya watu?"