Kichanga wa Kiume Kliniki ya Kinamama

Jamani, kuna aibu ukiikumbuka unajifunika shuka mchana kweupe, na hii ni mojawapo, ila nimeshazoea kuchekwa kwa hiyo ngoja niwape.

Mimi ni karani wa kumbukumbu katika hospitali moja pale mjini. Nasoma faili la mgonjwa, naweka namba ya ugonjwa kwenye kompyuta, na namba hiyo ndiyo inayompeleka kliniki yake. Sasa kondo la nyuma likiachia kabla ya wakati, namba ni mbili: moja ya mama, nyingine ya mtoto aliyeathirika tumboni (hilo nalijua vizuri, nimewafundisha hata wenzangu).

Ijumaa moja nikawa na faili la Rehema wa Magomeni, ambaye kondo lake liliachia mapema, na la mwanawe, hajapewa jina bado kwa hiyo kwetu anaandikwa "Mtoto wa Rehema", alipoteza damu wakati wa kuzaliwa na daktari wa watoto kaagiza apimwe tena baada ya wiki mbili, lakini shoga yangu wa Kariakoo kanipigia kwamba belo la mashuka ya mtumba linafunguliwa saa tisa, na ukichelewa unakuta matambara, basi namba ya mama nikaibandika na kwa mtoto, kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika maana mgonjwa ni wa kiume, nikabonyeza ndiyo, nikaondoka. Mashuka nilipata mazuri, sisemi uongo.

Wiki mbili baadaye napita kliniki ya kinamama, namsikia nesi anaita, "Mtoto wa Rehema, chumba cha pili, upimwe mji wa mimba." Bibi mmoja akasimama na kichanga mikononi, Rehema pembeni yake, akauliza taratibu, "Mwanangu, huyu kajifungua lini?"

Benchi zima likacheka. Hapo ningepita zangu, lakini mdomo wangu huu. "Shikamoo bibi, samahani sana, manesi ndio wanachanganya orodha, sisi wa kumbukumbu hatukosei."

"Marahaba," bibi akajibu. Nesi hakubishana, akageuza kompyuta watu waone, na pale palikuwa na jina langu kamili na saa niliyobonyeza.

"Dada Zuwena," akasema, "kumbe ulikuwa na uhakika."

Walicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. Rehema peke yake hakucheka. "Kwa hiyo kwa daktari wa watoto hayupo?"

Hakuwepo, na daktari wa watoto alikuwa anamaliza saa sita, zimebaki dakika kumi. Nilimchukua mtoto kwa bibi yake nikapanda ngazi mbio, Rehema nyuma yangu, nikafika kwenye foleni nikatangaza kosa langu kwa sauti ili watupishe, na wakatupisha. Damu ya mtoto ilikuwa imeshuka. Daktari akasema afadhali tumewahi, akamwanzishia dawa ya kuongeza damu, na mwezi uliofuata mtoto alirudi ana mashavu hayo, wala sikuamini.

Chekeni tu. Ninachokumbuka mimi ni alivyokuwa mwepesi nikipanda naye zile ngazi, maana mpaka siku ile vichanga kwangu vilikuwa karatasi. Nimeapa faili la mtoto nitalisoma mpaka mwisho, na nikikosea nitasema mwenyewe kabla sijaulizwa.