Bupe, mkata majani aliyemsemea farasi wa harusi

Jua halijachomoza nyuma ya Tegeta, na Bupe Mwaisaka anabishana na farasi. Farasi anayataka majani yaliyofungwa kwenye baiskeli, ambayo tayari yana wenyewe. Bupe anamsukuma pua kwa kiwiko. "Subiri, Bwana Harusi. Wewe si mteja," anamwambia, kisha anamchomolea mengi kuliko alivyokusudia.

Bupe ana miaka arobaini na saba. Alikuja Dar kutoka Tukuyu, akabaki mjane na binti mmoja, Blessing. Wote wawili wamelelewa na kazi ya kukata majani mabondeni na kuwauzia wafuga ng'ombe wa maziwa, furushi shilingi elfu mbili. Mvua ikinyesha, majani tele na bei inaanguka. Jua likiwaka, bei nzuri lakini majani hayaonekani.

"Ndiyo biashara yenyewe hiyo," anasema na kucheka.

Farasi si wake. Aliletwa na mfanyabiashara aitwaye Stanley, aliyekuwa akimkodisha kwenye harusi na sendofu za kuwaaga mabinti wanaoolewa. Kwa miaka kadhaa hapakuwa na shughuli ya maana mtaani bila farasi huyo mweupe: bibi harusi anapandishwa, mpiga picha anapiga magoti mchangani, vigelegele vinatoka. Jina la Bwana Harusi alipewa na watoto.

Kisha mambo ya Stanley yakaenda kombo. Akahamia mkoani, akamwacha farasi amefungwa kwenye kiwanja kisicho na kivuli wala maji.

Majirani hawakuwa na roho mbaya. Walimhurumia kwa njia waliyoijua: shughuli ikiisha, mabaki ya pilau anapelekewa Bwana Harusi. Tumbo likamvimba, akawa anagaagaa chini.

"Nilimkuta anahema, mbavu unazihesabu, kamba imemla shingo," Bupe anakumbuka. "Nililia, sikufichi. Ng'ombe wa watu wanakula majani yangu, yeye anakula pilau, jamani!"

Alikwenda ofisi ya mtaa. Mwenyekiti, Mudathir, akamwelekeza kwa afisa mifugo. Afisa mifugo, kijana aitwaye Godlisten, akasema yeye anashughulika na ng'ombe, mbuzi na kuku. Farasi ni wa shughuli, Bupe arudi ofisi ya mtaa. Aliporudi, akaambiwa mnyama ana mwenyewe, asubiriwe. Mama wa watu akapigwa danadana, na huku farasi akawa hawezi kuinuka bila kusaidiwa.

Ikafika siku ya mkutano wa mtaa. Viongozi wote walikuwepo chini ya turubai. Walipofika kwenye mengineyo, pale ambapo watu huwa wanaanza kutafuta viatu vyao, Bupe akanyoosha mkono.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Naomba wote waliowahi kupiga picha na Bwana Harusi wasimame."

Watu wakaangua kicheko. Halafu wakaanza kusimama. Akina mama, vijana wa bodaboda, mpaka mzee wa kanisa. Binti wa Mwenyekiti akasimama, akamtazama baba yake, na Mwenyekiti naye akainuka taratibu. Wa mwisho alikuwa Godlisten, ambaye picha yake juu ya farasi, akiwa na suti ya rangi ya krimu, inaning'inia sebuleni kwake hadi leo.

"Huyu mnyama katubeba siku zetu za furaha," Bupe akasema. "Sasa yuko chini. Sheria ya kulinda wanyama ipo, na sijasikia kama imemtoa farasi. Mie nauliza, nani kazi yake? Na anakwenda lini?"

Hakuna aliyekaa. Mwishowe Godlisten akajibu, "Leo, mama. Tukitoka hapa."

Alikwenda kweli, na mtaa mzima ukamfuata nyuma kama msafara wa harusi.

Nilipomuuliza kwa nini alichelewa, hakuzunguka. "Nilijua ni kazi yangu. Ila sijawahi kumtibu farasi, nikaogopa kuumbuka. Badala ya kuuliza wenzangu, nikawa namrusha mama wa watu. Namshukuru alinisimamisha."

Daktari anayewafahamu farasi aliitwa. Stanley alipigiwa simu, akakubali farasi awe chini ya uangalizi wa mtaa. Vijana walijenga banda. Na sasa, katika kila mkutano, afisa mifugo anasimama kueleza hali ya farasi na kuhojiwa.

"Mkutano uliopita walinibana kwenye kwato," anasema Godlisten. "Hata mapato na matumizi hawabanagi hivyo!"

Bupe hajioni mshindi. "Wangeweza kubaki wamekaa, ningewafanya nini? Waliinuka wenyewe. Ndaga fijo," anasema, akishukuru kwa Kinyakyusa, lugha anayoikimbilia moyo unapomjaa.

Desemba Blessing anafanyiwa sendofu. Bwana Harusi amealikwa, ila atasimama kivulini tu, hakuna wa kumpanda. "Katubeba vya kutosha. Nimemtengea kadi yake, single."

Na afisa mifugo?

"Kadi yake double, aje na mkewe." Anamtazama Godlisten, ambaye amefika na ameinama akikagua ukwato wa nyuma. "Lakini atanieleza kwanza hali ya mgeni wangu, palepale mlangoni. Nikiridhika, yeye atapata pilau na farasi atapata majani."

"Nimesikia, mama," Godlisten anaitikia bila kuinua kichwa, na kuendelea na ukwato.