Mgonjwa Aulizwe Mwenyewe

Siku ninayoikumbuka sana, mwanangu, ni ile tuliyompeleka kaka yangu Nestori kwa madaktari wa akili. Tulikuwa wakimbizi. Tulivuka ziwa kwa boti kutoka Burundi, tukakaa kambini, kisha baba mkubwa, aliyehamia Bangwe, mjini Kigoma, zamani, akatuchukua kwake. Tangu tuvuke, Nestori alikuwa hasemi. Alikula akiwekewa, alilala akioneshwa mkeka. Majirani wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni mvivu tu.

Madaktari wale walitoka hospitali kubwa inayofundisha madaktari, wakaja Kigoma kujaribu njia mpya. Watu waliovurugwa akili na vita wangekaa pamoja kila wiki na kuzungumza, huku wakiendelea na vidonge vyao. Walitaka kujua kama wangepata nafuu kuliko wanaomeza vidonge tu. Baba mkubwa alizisikia habari hizo sokoni Gungu, akaona ndiyo nafasi ya mwisho ya Nestori.

Mimi nilichukuliwa ili nitafsiri. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba kambini, Kiswahili changu kilitosha, ila nilikuwa na aibu mno. Nilipozungumza na mkubwa nilitazama vidole vya miguu yangu. Nestori alijua Kirundi tu.

Daktari aliyetupokea kliniki alikuwa mama wa makamo. Alimwamkia baba mkubwa shikamoo, akaeleza utafiti wao taratibu, nami nikatafsiri. Kisha akaniambia, "Muulize kama anapenda kushiriki."

Kabla sijafungua mdomo, baba mkubwa akajibu, "Amekubali, daktari. Mwandike."

Kwetu ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Mgonjwa alisemewa na mkubwa wake, na kumpinga mkubwa kulikuwa utovu wa adabu. Kwa hiyo nami nikaitikia, "Ndiyo, amekubali."

"Mdogo wangu," daktari akasema, "wewe sijakuuliza. Na mzee, unisamehe, nawe sijakuuliza. Nimemuuliza huyu."

"Huyu hasemi," baba mkubwa akasema. "Angekuwa anasema tungemleta kwako? Si angekuwa shambani?"

Daktari alicheka kidogo, lakini hakuandika. Akangoja. Nikamgeukia kaka, nikamuuliza kwa Kirundi. Alinyamaza mpaka baba mkubwa akaanza kuhema kwa hasira. Mwishowe Nestori akatikisa kichwa, akasema, "Oya."

Maana yake hapana. Hatukuwa tumesikia neno kutoka kwake tangu tuvuke ziwa.

Baba mkubwa akasimama. "Basi umejinyima dawa mwenyewe. Twendeni."

"Mzee, kaa," daktari akasema. Akanigeukia. "Mwambie nimemsikia, hatumwingizi kwenye utafiti. Dawa atapata kama wengine. Akibadili mawazo aje, asipobadili aje vilevile."

Nikatafsiri. Kaka akainua uso, akamtazama yule mama moja kwa moja. Hata mimi, ndugu yake, hakuwa akinitazama hivyo.

Njiani baba mkubwa hakunyamaza. "Muda wote huo kimya, halafu neno la kwanza ni la kutuaibisha."

Tulipokuwa tunapita pale kina mama wanapoanika dagaa, Nestori akasema polepole, "Walisema panda boti, nikapanda. Kambini walisema lala hapa, nikalala. Yule ameniuliza."

Tulifika nyumbani. Kabla chakula hakijapikwa, baba mkubwa alimwendea Nestori akamuuliza, "Ugali au ndizi?" Akajibiwa, "Ndizi." Tukala ndizi wote, hata baba mkubwa asiyezipenda.

Sikudanganyi kwamba alipona siku ile. Alimeza vidonge miaka mingi, na vipindi vya ukimya vilimrudia. Lakini siku ya kliniki iliyofuata alifua shati lake mwenyewe, akatangulia njiani. Baadaye aliomba, kwa kinywa chake, kukaa na wale waliokuwa wakizungumza. Walichokiandika madaktari mwisho wa utafiti sikukijua.

Mwanangu, utakuja kumuuguza mtu ambaye akili yake imechoka. Utampenda, na kwa kumpenda utataka kumjibia kila kitu. Jizuie. Muulize, kisha ungoje, hata kama wakubwa wanahema nyuma yako. Akisema hapana, usimwache. Kaa naye na hapana yake hiyo.

Mungu akupe uvumilivu wa kungoja jibu la mgonjwa. Na siku utakayougua wewe, akupe mtu atakayekuuliza.